Mitutu ya Tonton Mushagalusa

Sogeza kiti, mwanangu, unisikilize. Nakumbuka siku moja, wakati wa vita, nilipokubali kazi ambayo sikupaswa kuikubali.

Nilikuwa fundi wa chuma hapa Kadutu, nimeoa juzijuzi, nikifanya kazi na Tonton Mushagalusa, mdogo wa baba yangu. Alikuwa na bunduki ya Kijerumani ya mitutu miwili, iliyotengenezwa kati ya zile vita kuu mbili za Wazungu. Mwenye shamba la kahawa kule Katana alimwachia babu yetu, naye aliitumia kufukuza nyani mashambani Nyantende.

Tonton aliipenda kwa sababu ya kazi iliyokuwa ndani yake. Ngoja nikueleze. Fundi aliyeitengeneza alitoboa chuma kizima, kisha akauelekeza mtutu dirishani na kuchungulia. Mwanga huchora ndani duara za kivuli. Duara moja ikipinda, aligonga kidogo kwa nyundo, akachungulia tena, hata siku nzima. Mwishowe mtutu ulijaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida. Uliovumilia ndio uliopigwa muhuri.

Basi, kamanda mmoja wa kizuizi cha barabarani alinikuta peke yangu. Aliitaka bunduki ya Tonton, mitutu yake ikatwe ili ifichike ndani ya koti. Niliogopa, nikakubali. Nilijiambia ni kazi ya msumeno tu.

Tonton aliporudi na kusikia, alikataa. “Tonton, nilishasema oui,” nikamwambia.

“Mudomo yako ilisema. Mikono yangu haiyasema kitu.”

Kesho yake kamanda alirudi na vijana wake wawili. “Muzee, iko wapi ile fupi yangu?”

“Hii bunduki iko ya nyani, chef. Haiko ya batu.”

“Sasa iko ya batu. Kata!”

Tonton akaichomoa mitutu kwenye bunduki, akailaza juu ya fuawe, akainua nyundo kubwa, akapiga mara tatu. Ikapinda na kubonyea. Akamnyooshea kamanda. “Chukua, chef. Fupi inatosha?”

Walimpiga hadi akapoteza meno mawili, wakaondoka mikono mitupu. Alipoweza kusema, alinipa ile mitutu.

“Elekeza ku dirisha. Unaona nini?”

“Giza, Tonton.”

“Ile ndiyo kazi yangu ya muzuri kupita zote.”

Wako wanaosema vita ilitulazimisha sote. Nakataa, mwanangu. Nilimwona mtu aliyekataa, tena kwa nyundo yake mwenyewe. Ufundi wako ni wako, hata mwenye bunduki akisimama mlangoni. Mungu akupe mikono yenye nguvu na moyo usiotishika.

Na kesho, mtu akikuletea kazi, kabla hujashika msumeno, muulize: itatumika kwa nani?