Mti wa Nne

Siku hizi kila kitu ruksa, isipokuwa mti wa nne. Nimeyashuhudia Jumanne katika ofisi ya misitu Kondoa. Mbele yangu alisimama mama wa kamati ya msitu wa kijiji, amekuja kusajili miti ambayo itakuwa marufuku kukata. Akafungua kanga, akapanga majani mezani, jani moja kwa kila aina ya mti, hadi yakafunika kikombe cha chai cha ofisa.

"Mama, fomu ina mistari mitatu. Nimeandika mninga, mpingo na mtundu. Mtaalamu wetu wa misitu anasema hiyo inatosha kufyonza kaboni, ile hewa chafu ya viwandani."

"Kwani alipima msitu au alipima fomu? Wachoma mkaa wetu wanajua kusoma, mwanangu. Mti usiouandika watauangusha."

"Fomu imetoka wizarani."

Mama akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe. "Huku hakuna mistari. Andika."

Ofisa akaandika mpaka wino ukamwishia, akaazima kalamu yangu. Mama akanigeukia. "Na wewe baba, umefuata nini?"

Ombi langu la kibali cha kusafirisha mkaa nikalisukuma chini kabisa ya mfuko.

"Nimepita kusalimia tu."