Kompyuta Chini ya Kitambaa

Miaka ile ya tisini mjukuu wangu alirudi kutoka chuo na kompyuta kuukuu, afungue darasa la wasichana hapa Voi. Aliiwekea Linux, mfumo wa bure usiohitaji leseni. Mimi nilivimba kichwa. Nikafuma kitambaa cheupe cha kuifunika, nikaita akina mama wa kanisa kutoka Sagalla waje kuiombea, vile tunaombea nyumba mpya.

Tukaimba, tukaomba, nikafunua. Kioo cheusi ti.

"Ni kadi ya picha, Nyanya," akaninong'oneza. "Linux haina draiva, ile programu ya kuiendesha."

Akazima, akawasha. Yakaja maandishi meupe, halafu giza tena.

"Mama, hii yako bado imefumba macho, maombi yalishaisha!" akasema mmoja wa wale akina mama, wakacheka. Wasichana waliokuja kujiandikisha wakaanza kutoka.

Mjukuu wangu alihangaika nayo wiki nyingi, na Voi nzima hakuna wa kumwuliza. Ile draiva haikupatikana. Darasa akaliacha, akaenda kuuza katika duka la watu. Sikusoma, lakini mtoto aliyekata tamaa namjua hata akinipa mgongo.

Kitambaa nilikirudisha juu ya kompyuta. Kikichafuka nakifua, nakitandika tena.