Aliyepiga Magoti Kunipinga

Mwezi mzima nilikuwa nawaimbia wanafunzi wangu wa uganga pale Bukoba wimbo mmoja: ulizeni kwanza, dawa baadaye. Walikuwa wanaandaliwa kwa zahanati za vijiji vya ujamaa, na kichwani walikuwa na jibu moja tu, malaria. Hata ukiwaletea mguu uliovunjika, malaria. Walinitia wazimu, lakini niliwapenda mno.

Siku moja nikaenda nao Muleba, kwenye kijiji kipya kilichotuandalia mapokezi. Hata hatujakaa, mama mmoja akaja mbio na mtoto wa miaka mitatu, amelegea, macho hayafunguki. Mimi huyohuyo wa "ulizeni kwanza" nikatangaza malaria imepanda kichwani, nikavuta kwinini kwenye sindano. Wanafunzi wote wakaandika malaria. Nani angebisha? Kwetu Buhaya mkubwa habishiwi.

Msichana mmoja, mdogo kuliko wote darasani, akapiga magoti mbele yangu kama anayemwamkia baba yake.

"Bojo, tafadhali, mwalimu, nakuomba radhi. Nakataa."

Nikawaka. "Unakataa nini, na mtoto anakata roho?"

"Mwili wake ni wa baridi. Malaria gani hii?" Palepale magotini akamgeukia mama, akamuuliza kwa Kihaya mtoto amekula nini tangu asubuhi.

Hajala, mama akajibu. Kwa pilikapilika za kutuandalia sisi wageni, alimpa kikombe cha juisi ya ndizi tu.

"Kutoka kibuyu kipi?"

Mama akashika mdomo. Nyumbani vilikuwa viwili, cha juisi ya watoto na cha rubisi ya wageni. Msichana akanusa pumzi ya mtoto. "Ni pombe, mwalimu, na tumbo tupu. Sukari imemwishia mwilini."

Nikaweka sindano chini. Tukakoroga sukari ya chai yetu, tukamdondoshea ndani ya shavu kidogo kidogo, mpaka akafungua macho, akalia, akadai ndizi. Wacha wee, nilifurahi nusura nicheze! Mwezi mzima nimesema, kumbe yuko aliyesikia. Miaka baadaye nilisoma kwamba kwinini nayo hushusha sukari. Ningemmaliza.

Mama akanipigia magoti kushukuru. Nikamwinua upesi, nikamwelekeza kwa yule msichana.

"Mshukuru huyu," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyeshika sindano."