Adapta Mbili Zenye Jina Moja

Ndugu yangu Aliga alifukuzwa kazi Jumanne na akazikwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Katikati ya siku hizo alifanya kazi ya maana kuliko zote alizowahi kufanya, na ofisi iliyomfukuza haikutaka kuiona. Naandika ili watoto wake wakikua wasome habari za baba yao kutoka kwa mtu aliyemjua, wasizisome kwenye kile kikaratasi.

Kikaratasi chenyewe kilibandikwa kwenye mlango wa nyumba ya pampu hapa kwetu Dranya, karibu na mpaka wa Sudani Kusini, ili kila anayekuja kuteka maji akione. Kilisema Aliga Taban ameachishwa kazi "kwa kutunga vipimo vya maji na kuvituma kama vya kweli." Kutunga! Yaani mwongo. Chini yake palikuwa na sahihi ya Injinia Ivan, mkubwa wa mradi wa maji kule Arua, na muhuri wa wino wa zambarau.

Mimi ni dada yake mkubwa, na sijapata kumsikia Aliga akisema uongo, hata ule mdogo wa watoto wanaoiba sukari. Akiiba, alikuwa anakuja mwenyewe na midomo yake bado ina chembe. Alisoma hadi kidato cha nne, akawa anatengeneza redio sokoni Koboko, baadaye simu. Mradi wa maji ulipokuja kufunga vihisi kwenye visima vya Koboko na vile vya makazi ya wakimbizi kule Omugo, ulitafuta mtu asiyeogopa kufungua masanduku ya chuma yaliyojaa nyigu. Wengine walikimbia. Aliga aliwafukiza nyigu, akasema samahani, akaanza kazi.

Ndani ya kila sanduku mna kompyuta ndogo yenye mfumo wa Linux, inayotosha kwenye kiganja, haina kioo wala vibonye. Kihisi kimoja kinazama kisimani kupima kina cha maji, kingine kinakaa ndani ya tangi. Vihisi hivyo vinasema lugha ya zamani ya nyaya, na kompyuta inataka USB. Kwa hiyo katikati panachomekwa adapta, kitu cha urefu wa kidole. Aliga alituelezea hivi: vihisi ni madereva wa Sudani Kusini, kompyuta ni ofisa wa forodha, na adapta ni wale mawakala wa mpakani Oraba wanaosimama katikati wakitafsiri huku na huku. "Na nyinyi mnawajua watu wa Oraba," alisema, tukacheka.

Adapta ndizo zilizomsumbua kuliko kitu chochote. Mara moja kule Omugo kulikuwa na moja iliyoonekana sekunde mbili na kupotea. Mafundi kutoka Arua walibadilisha waya, wakabadilisha umeme wa sola, wakabadilisha hata sanduku. Aliga aliketi siku mbili akisoma kumbukumbu za kompyuta mstari kwa mstari. Akakuta kwamba ndani mna programu ya kuwasaidia vipofu wanaosoma kwa vidole, na kila adapta ilipochomekwa, programu ile ilidhani ni kifaa cha kipofu, ikaikamata. Akaiondoa, maji yakaanza kuhesabiwa.

Alirudi nyumbani akaniambia, "Dada, kompyuta ilikuwa inamngoja kipofu." Jumapili iliyofuata alitubu kanisani kwa kufukuza kitu kilichowekwa kusaidia vipofu. Ndivyo alivyokuwa. Na ripoti ya kazi ile iliandikwa kwa jina la Injinia Ivan.

Huyo Ivan hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita "mutu ya redio."

Mwezi wa nne sisimizi waliingia kwenye sanduku la Dranya, adapta moja ikafa. Ivan akaamua kubadilisha zote mbili. Alizinunua mwenyewe Arua, duka moja, pakiti moja, akaja kuzichomeka mwenyewe akiwa amevaa miwani ya jua. Tangu siku hiyo sanduku likaingiwa na wazimu. Jua likipotea nyuma ya mawingu, kompyuta ilizimika. Jua likirudi, iliwaka. Mara nyingine iliwaka vizuri. Mara nyingine iliwaka ikituma Arua kwamba tangi lina maji ya mita thelathini na moja. Tangi lenyewe lina kimo cha mita tatu.

Pampu imepangwa ijizime yenyewe tangi likijaa. Ikisikia mita thelathini na moja, inalala. Kwa hiyo tangi lilikauka huku kompyuta ikiapa kwamba limejaa, na wanawake wa Dranya wakarudi kuteka mtoni.

Mariam Poni, ambaye ni jirani yetu na ana mdomo, alifika kwenye bomba na madumu yake matano matupu, akamkuta Aliga.

"Aliga, tangi yako iko imejaa nini? Maneno?"

"Mama, natafuta shida."

"Shida ni wewe. Mbona unaitafuta mbali?"

Wenzake wakacheka. Ndugu yangu alikuja kwangu, akaketi bila kula.

Jumanne Ivan alifika na gari la mradi, karatasi mkononi. Mimi nilikuwepo, kwa sababu nilikuwa nimempelekea Aliga chakula.

"Tangi ya mita tatu iko na maji mita thelathini na moja," Ivan alisema kwa sauti ya kusikiwa na watu wote. "Hiyo maji imesimama hewani kama malaika?"

"Injinia, mimi siandiki namba. Namba inatoka kwa sanduku."

"Sanduku haina akili ya kudanganya. Mutu ndiyo iko nayo. Wewe unalala nyumbani na bibi yako, unaandika namba kwa simu, unatuma."

"Naomba tupime adapta, bosi. Ilianza siku ile ya adapta."

"Adapta nilinunua mimi. Iko mpya. Unataka kusema nini?"

Ivan akamnyang'anya ufunguo, akabandika karatasi mlangoni kwa gundi, si kwa pini, ili isitoke. Mariam Poni aliisoma kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma.

Sasa nieleze jambo la nyumbani kwetu, maana bila hilo kazi ya ndugu yangu haieleweki. Boma letu lina Candiru wawili. Mmoja ni mke wa Aliga, aliyeolewa kutoka Omugo. Mwingine ni mke wa baba yetu mdogo. Ukiita Candiru tu, wanakuja wote wawili au hakuna anayekuja, kila mmoja akidhani ameitwa mwenzake. Kwa hiyo sisi tunasema Candiru wa nyumba ya bati na Candiru wa nyumba ya nyasi. Watoto wote wanajua. Mama yetu ndiye anayesahau akikasirika.

Jumatano asubuhi mama alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Aliita kutoka jikoni, "Candiru! Chumvi!" Wakatokea wawili, kila mmoja na chumvi yake.

"Nimeita mmoja!" mama akafoka.

"Umeita jina, mama. Hukuita nyumba," alijibu mke wa Aliga, naye alikuwa na hasira zake.

Aliga alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akakiweka chini. Akaingia ndani akatoka na daftari lake la kazi, akafunua ukurasa wa mwezi wa nne. Hapo alikuwa amenakili namba ambayo kila adapta hujitambulisha nayo kwa kompyuta. Ya kwanza aliandika 0001. Ya pili aliandika 0001, kisha akaikata kwa wino, akidhani amenakili mstari mmoja mara mbili.

"Sikukosea," aliniambia. "Dada, nilikata ukweli kwa mkono wangu. Zote mbili zinaitwa hivyo."

Adapta zile za bei ya chini zilitoka kiwandani zikiwa na namba moja. Kompyuta iliambiwa imwite mwenye namba hiyo, wakaitika wawili, na ikampokea yeyote aliyewahi. Siku nyingine kisima kilisema kwa jina la tangi, na zile mita thelathini na moja zilikuwa za kisima.

Alikwenda kwa Shafiki, katibu wa kamati ya maji, ambaye ana ufunguo wa pili. Shafiki alisitasita.

"Wakinikuta na mutu aliyefukuzwa, nitasema nini?"

"Utasema ulikuwa unanichunga nisiibe."

"Wallahi hiyo ni kweli," Shafiki alisema. "Nitakuchunga."

Shafiki ndiye aliyenieleza yaliyofuata, na alinieleza huku ameshika kifua. Aliga alifungua laptopu yake kuukuu, akachomoa adapta zote, akazirudisha, ya kisima kwanza. Namba zikawa sawa. Akachomoa tena, akarudisha ya tangi kwanza. Tangi likapanda mita thelathini na moja mbele ya macho yao, na hakuna mtu aliyegusa kibonye. Walirudia mara nne. Shafiki akaandika kila kitu kwenye kitabu cha kumbukumbu za kamati, pamoja na saa.

Kisha Aliga akafuta ile amri ya kuita kwa namba, akaandika nyingine inayoita kwa tundu ambamo adapta imechomekwa. Anayekaa tundu la juu ni kisima. Anayekaa la chini ni tangi. Mtu asiulizwe jina, aulizwe nyumba. Akayapaka matundu na adapta rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu juu, bluu chini, ili atakayekuja baadaye asichanganye. Akaizima kompyuta na kuiwasha mara saba. Mara saba tangi lilisema sufuri, ambao ndio ulikuwa ukweli, na pampu ikaamka.

Mariam Poni alijaza madumu matano. "Basi," alisema, "leo tangi iko na maji na Aliga iko na akili." Hakuomba radhi, lakini alimpelekea Candiru wa Aliga mihogo.

Mchana Aliga alimpigia Ivan simu, Shafiki akiwa pembeni akisikiliza.

"Nani amekufungulia mlango?" ndilo lililokuwa neno la kwanza.

"Injinia, adapta zina namba moja. Nimepata. Pampu inafanya kazi, angalia vipimo kwenye chati yako."

"Unanifundisha mimi? Wewe mutu ya redio unanifundisha mimi?"

"Hapana, bosi. Naomba ile karatasi itoke mlangoni. Watoto wangu wanapita pale wakienda shule."

"Uko na ushahidi? Lete Arua. Hapa kwa simu sisikii."

Alhamisi alipanda bodaboda kwenda Arua na nakala ya kitabu cha Shafiki ndani ya shati. Hakufika. Lori la saruji lilikuwa linapita lori jingine kwenye kona, likawagonga. Dereva wa bodaboda alivunjika miguu, yupo hai. Ndugu yangu alikufa kabla ya kufikishwa hospitali.

Mapenzi ya Mungu yatimizwe. Nayasema kila asubuhi, na nayaamini. Lakini ile safari haikuwa mapenzi ya Mungu. Ivan angeweza kufungua chati yake pale alipoketi, akaona namba zimetulia, akasema neno moja. Alimwita mtu barabarani kwa kiburi. Nimemweleza padri hivyo kwenye kitubio na hakunibishia.

Ijumaa nilikwenda nyumba ya pampu na kisu na maji ya moto, nikaitoa karatasi pole pole isichanike. Niliikausha juani.

Jumamosi Ivan alikuja mazishini na shada la maua ya plastiki. Katekista Fabiano, aliyekuwa anaongoza, alimpa kipaza sauti kama ilivyo desturi ya kuwapa watu wa ofisi.

"Marehemu alikuwa kijana mwaminifu sana," Ivan alianza.

Nikasimama. Nikamwendea na ile karatasi mkononi. "Injinia, umesema mwaminifu. Soma hii kwanza."

Aliitambua. "Mama, pole. Lakini mutu amekufa. Barua iko ya kazi gani sasa?"

"Iko ya kazi ya watoto wake."

"Scovia," katekista aliniambia taratibu, "labda hapa si mahali pake."

"Katekista, alivuliwa nguo mbele ya watu. Avishwe mbele ya watu."

Shafiki akasimama na kitabu cha kamati, akasema ameona kwa macho yake, na yuko tayari kuapa. Kutoka upande wa wanawake sauti ikatoka, "Soma!" Na nyingine, "Vua miwani kama huoni!"

Ivan akasoma, chini chini.

"Juu!" Mariam Poni alipaza sauti. "Siku ile ulisema juu!"

Akasoma upya, na neno "kutunga" likatoka kwenye spika likafika barabarani.

"Ni kweli?" nikamuuliza.

Alitazama gari lake. Watu walikuwa wamesimama kati yake na gari, bila kupanga, kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli.

"Si kweli," alisema. "Hakutunga."

"Nini iliharibika?"

"Adapta."

"Nani alinunua?"

"Mimi. Lakini kwa upande wa ofisi, utaratibu..."

Mariam Poni alikitoa kipaza sauti mkononi mwake, akakirudisha kwa katekista. "Endelea, baba. Tuzike mutu yetu."

Tukamshusha. Fabiano alisoma sala, mama akatupa udongo, kisha mimi, kisha ndugu. Ivan alijongea naye, akainama kuchukua udongo. Candiru, mke wa ndugu yangu, alikuja akasimama mbele ya rundo la udongo, mtoto mgongoni. Ivan alingoja. Candiru hakusogea, na mwishowe yule bwana aliunyoosha mgongo wake, mikono mitupu, akaenda kulitafuta gari.