Sare Zilizoachwa kwa Bi Pindo

Saa moja na nusu asubuhi, kengele ya shule imeshalia, na binti mmoja amesimama mlangoni kwa fundi cherehani. Amevaa fulana ya rangi. Shati la sare analo mkononi.

"Shangazi, kwapani pamechanika. Nishonee, nitalipitia mchana."

Fundi analigeuza shati, anautazama mshono, anamrudishia.

"Limechanika au limekatwa? Mshono ukiachia wenyewe, nyuzi zinavutika. Hizi za wembe. Livae hivyohivyo uende shule. Jioni njoo na mama yako."

Binti anasonya na kuondoka. Fundi anamfuata kwa macho mpaka anakata kona. Shule iko upande wa pili.

Mtaani wanamwita Bi Pindo. Ni mjane wa miaka hamsini na mbili, mwenye cherehani moja na pasi ya mkaa. Kona ya kujaribia nguo ilikuwa na pazia. Ameling'oa.

Miaka miwili iliyopita, wanafunzi walikutwa wamelewa darasani. Wazazi na wauza pombe wakakaa kikao, wakakubaliana kwamba aliyevaa sare asiuziwe. Maneno hayo yakapakwa rangi kwenye milango ya vilabu, watu wakapiga makofi, Bi Pindo akiwemo. Yalikuwa makubaliano ya wavivu. Yalitazama nguo, hayakumtazama mtoto.

Watoto nao si wajinga. Wakaanza kupeleka sare kwa fundi asubuhi, mara tundu, mara pindo limefumuka, na kubadilishia nyuma ya pazia. Mchana walizifuata, wakarudi nyumbani kama watu waliotoka masomoni.

"Nilifurahi, usione hivi," ananiambia mimi mwandishi. "Nilishona hata sare ishirini kwa wiki. Nikasema Mungu kanifungulia. Wengine walirudi wananuka, nikajiambia mimi ni fundi tu, mwenye mtoto atajua mwenyewe. Lakini nilijua. Si yote, ila nilijua."

Mmoja wao alikuwa mtoto wa rafiki yake, muuza mboga wa ng'ambo ya barabara. Ana miaka kumi na minne. Miezi mitatu iliyopita aliacha sare hapa, akaenda kunywa pombe iliyochanganywa spiriti. Kesho yake, jua limeshapanda, alimuuliza mama yake mbona madirisha hayajafunguliwa. Hajaona tena mpaka leo.

Muuza pombe alipobanwa alijibu, "Ningejuaje ni mwanafunzi? Hakuvaa sare."

Tukiwa bado tunazungumza, muuza mboga mwenyewe anavuka barabara na kuweka fungu la mboga juu ya meza ya cherehani.

"Chukua, dada. Wewe ndiye uliyekuwa unamshonea mwanangu hata nisipokuwa na kitu."

Bi Pindo analipokea kwa mikono miwili bila kuinua uso. Rafiki yake hajui habari za pazia.

Jumapili kuna kikao kingine. Wauzaji wanataka sharti la sare libaki lilivyo. Bi Pindo anataka mtoto asiuziwe kabisa, avae anachovaa. "Wanawajua hawa watoto, wamezaliwa mbele ya macho yao," anasema. "Lakini hawatanielewa mpaka niseme walikuwa wanabadilishia wapi."

Nikamuuliza kama mama mtu atasikia siku hiyo, mbele ya kadamnasi. Akauliza gazeti lenye habari hii linatoka lini. Nikamwambia Ijumaa.

"Basi ni leo. Nikifunga tu, nakwenda kwake. Sitaki asomewe na mtu."

Na asipokusamehe?

Kidole chake kinapapasa ukingo wa meza. Kisha machozi yanamtoka, hayafuti.

"Asiponisamehe ni haki yake. Siendi kwa ajili ya hilo. Kila nikienda kumwona yule mtoto, mama yake akitoka kidogo, ananishika mkono na kuninong'oneza, 'Shangazi, usiogope, sijamwambia.' Hana macho, na bado ananificha mimi. Nataka aache."