Pikipiki Ndefu ya Superviseur Norbert

Norbert ni superviseur, yaani msimamizi, wa chanjo hapa mjini Baraka, na mimi, Eugène, ni superviseur wa lishe. Maana yake ni kwamba yeye hubeba sindano nami hubeba mizani. Tumekaa ofisi moja miaka tisa, na kwa miaka hiyo yote yeye alikuwa na pikipiki, mimi nilikuwa na miguu.

Pikipiki yake ilikuwa ya zamani, nyekundu pale ambapo rangi ilikuwa bado imebaki. Iliachwa na mradi fulani wakati Norbert bado ana nywele. Haikuwa na kioo wala kipimo cha mwendo, lakini ilipanda milima ya Fizi bila kulalamika, kila fundi wa sokoni aliijua hadi skrubu ya mwisho, na wanaume wawili waliweza kuivusha mto wakiwa wameitundika kwenye mti begani. Nyuma seremala alikuwa ameifungia kreti ya mbao. Humo ndimo sanduku la chanjo liliketi, limezungushiwa majani mabichi ya mgomba ili jua lisilifikie. Nakiri kwamba niliitamani miaka yote tisa.

Mwaka huu mradi mwingine ukafunga ofisi. Kwetu miradi hufa mara kwa mara, nasi hurithi. Safari hii tulirithi viti kumi na viwili, kibao kikubwa chenye picha ya mama anayecheka, na pikipiki mpya kabisa ya safari ndefu, aina ambayo Wazungu huipanda kuvuka majangwa kwa hiari yao. Ilikuwa na masanduku matatu ya chuma, taa nne, na kioo kidogo mbele kinachomweleza dereva joto la nje, kana kwamba mtu wa Baraka anahitaji kuambiwa kuwa kuna joto.

Daktari mkuu alituita uani.

"Norbert, we njo mukubwa," alisema. "Chagua moya. Ile utaacha, Eugène atabeba. Lakini ukisha kusaini, hatutarudilia tena."

Nilimwambia ukweli, nikimwita Ya, yaani kaka mkubwa. "Ya Norbert, ile mupya iko muzito sana. Ku mutoni utalia."

Aliniangalia jinsi mtu anavyomwangalia jirani anayesifia kuku wake. Alijua kwamba atakachoacha kitakuwa changu, kwa hiyo kila neno langu aliligeuza upande wa pili. Nilipoitia kasoro ile mpya, akaamini kwamba naitaka. Akasaini haraka kabla sijasema lingine.

Tatizo la kwanza lilijitokeza palepale uani. Norbert ni mfupi, na pikipiki ile ni ndefu. Akiketi, miguu yake haifiki chini. Kwa wiki nzima alisimama tu mahali penye jiwe au ngazi ya kuegemeza mguu. Aliyetaka kuongea naye alimngoja kwenye ngazi za kanisa. Watu wakaanza kusema kwamba superviseur ameokoka.

Jumatatu simu ikalia. Alikuwa Kayitesi, muuguzi wa kituo cha Kilembwe.

"Superviseur, rougeole imefika ku bachimbaji," alisema. "Alhamisi asubui bamama bote batakuwa hapa na batoto. Ukichelewa, banarudia ku mashamba, na mi siwezi kubashika."

Rougeole, yaani surua, haina mzaha, na hata Norbert aliacha kuupangusa mkono wa pikipiki. Jumatano alfajiri tulipakia, nami nikienda juu ya ile ya zamani kuwapima watoto. Sanduku la chanjo lilikuwa na vipande vinne vya barafu, ile inayofungwa katika plastiki, na lisipofunguliwa hudumu siku mbili. Nikashauri tulipakie kwangu, kwenye kreti na majani yake. Akakataa. Alilitia katika sanduku la chuma la pembeni, akafunga kwa ufunguo. Chuma kile kikipigwa jua saa moja, unaweza kukaanga yai juu yake.

Tulifika Fizi saa tatu. Njia ilikuwa imezibwa kwa kiti. Kitini alikaa Jacques, binamu yake Norbert na mwenye baa, na nyuma yake watu wasiopungua ishirini. Habari za pikipiki zilitutangulia. Sasa, kwetu kitu kipya hakijawa chako mpaka umekiaroza, yaani umewanywesha watu: bia kwa wanaokunywa, soda kwa waliookoka. Usipofanya hivyo utaitwa bahili hadi wajukuu wako, na kitu kikiharibika watu watasema walijua. Ile ya zamani ilishaarozwa kabla sijaoa, ikapita bila hata kutazamwa.

"Norbert, moto mupya haipite hapa kavu," Jacques alisema, kwani kwetu pikipiki huitwa moto.

"Niko na chanjo," Norbert akajibu, lakini alikuwa tayari anatafuta jiwe la kuegemeza mguu.

Vinywaji vikatoka. Vilikuwa vya moto, kwa sababu friji ya Jacques haikuwa na mafuta ya taa tangu Pasaka. Watu wakanung'unika. Mtu akiarozwa bia ya moto ni kama hakuarozwa. Ndipo Jacques akainamia lile sanduku la pembeni.

"Lakini we iko na barafu hapa."

Norbert amesomesha wauguzi miaka kumi na moja kwamba sanduku halifunguliwi. Nimemsikia akiimba somo hilo mpaka mama wauzaji wa dagaa wanalijua. Akaniangalia mimi, akawaangalia wale ishirini, akatoa ufunguo mfukoni.

"Vipande viwili tu," alisema. "Nusu saa."

Ilikuwa saa tatu unusu. Tuliondoka saa saba, kwa kuwa kila mtu ilibidi aketi juu ya pikipiki na kusoma joto la nje kwa sauti. Vile vipande viwili vilirudi sandukuni vikiwa maji ya vuguvugu. Na mimi? Nilikunywa soda mbili, na zilikuwa baridi vizuri.

Jioni tukafika mtoni. Daraja liliondoka na mvua za mwaka juzi, kwa hiyo pikipiki huvushwa na wabebaji. Walikuwa wamebaki wawili tu. Mkubwa wao aliizunguka pikipiki ya Norbert mara moja.

"Hii inaomba bantu munane," alisema. "Murudie kesho. Ile ya zamani tunapitisha sasa."

"Ya Norbert, unipe sanduku," nikasema. "Nivuke nayo leo, nifike mapema."

Najua alichokiona kichwani: superviseur wa lishe akiingia Kilembwe na chanjo, na superviseur wa chanjo akifuata nyuma mikono mitupu, juu ya pikipiki ya taa nne.

"Tutaingia pamoja," alisema.

Ningeweza kubishana. Ningeweza hata kumnyang'anya ufunguo. Lakini moyoni nilifurahi kumwona ameshindwa na mto nilioutaja mimi, nikamwacha ashindwe vizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tulilala pale ukingoni, na wabebaji wanane wakapatikana kesho yake karibu saa nne. Tukaingia Kilembwe mchana, watoto wakikimbia pembeni ya pikipiki ndefu wakiishangilia. Akina mama walikuwa wangali wamekaa chini ya ukuta wa kituo. Kayitesi hakusalimia sana. Alifungua sanduku, akatoa chupa moja, akatazama alama ndogo juu yake, ile inayokuwa nyeusi chanjo ikipata joto. Akatoa ya pili na ya tatu. Kisha akarudisha kifuniko taratibu.

"Hii haiko dawa tena," alisema. "Iko maji."

Chanjo ikiharibika hujazwa karatasi. Norbert aliijaza pale mezani, na penye neno "sababu" akaandika kwa mwandiko mzuri: hali mbaya ya barabara. Akanipa kalamu nisaini kama shahidi. Nilikuwa na mengi ya kusema, na yote yalianza na soda mbili. Nikasaini.

Mama mmoja aitwaye Nadège alikuwa mlangoni, na mtoto wa miezi tisa mikononi.

"Baliandika nini?" alimwuliza Kayitesi.

Kayitesi akamsomea.

"Barabara gani?"

"Ya kutoka Fizi."

Nadège aliwaza kidogo. "Mi nilitoka kulekule jana asubui, na miguu," alisema. "Nilifika mbele ya jua kuzama."

Akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya kurudi, na hakuna kati yetu wawili aliyemtazama usoni.