Msiba wa Bibi wa Kitaliano Uani Kwetu

Nianze kwa kukiri, maana wengine mmeshaisikia hii habari mtaani ikiwa imetiwa chumvi: ni kweli, ni mimi niliyesababisha turubai likafungwa, pilau likainjikwa na watu wakaja kunipa pole kwa msiba wa mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga Bongo, tena hajawahi hata kuzaliwa, kwa sababu ni mtu wa kwenye kitabu. Na kati ya wote waliolia siku ile, mimi ndiye niliyelia zaidi.

Mnajua kazi yangu, nauza vitambaa vya mapazia Kariakoo, na mnajua ugonjwa wangu, vitabu. Sasa wauzaji wenzangu kadhaa wanapenda hadithi lakini muda wa kusoma hawana, kwa hiyo tukafungua kundi la WhatsApp, na kila asubuhi kabla sijafungua duka nasoma sura moja, naitafsiri hapo hapo kutoka Kiingereza, naituma kwa voisi, wao wanasikiliza huku wanapanga bidhaa. Safari hii kitabu kilikuwa cha mwandishi mmoja wa Italia (nilikipata kwa wale wanaopanga vitabu chini kando ya barabara kule mjini, jalada limeshatoka), kinachosimuliwa na msichana anayeeleza maisha ya bibi yake, Bibi Carmela, mtu wa kisiwa cha Sisilia, kusini kabisa, ambaye wanawe walihamia Torino, kaskazini, kufanya kazi viwandani, nao wakamchukua mama yao.

Kilichonishika kwenye kitabu kile ni hiki. Kule kijijini Bibi Carmela alikuwa mtu wa kijiji chake, basi, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yeye ni Mtaliano. Walipofika Torino wakawa wanatafuta chumba cha kupanga, wenye nyumba wanawaambia watu wa kusini hatuwataki, na hao wenye nyumba ni Wataliano, yaani siku aliyojua kwamba yeye ni Mtaliano ndiyo siku hiyo hiyo aliyoambiwa Utaliano wake hautoshi. Wajukuu nao wakaenda shule wakafundishwa Kitaliano cha vitabuni, wakirudi nyumbani wanamsahihisha bibi yao, ambaye anaongea lugha ya kisiwani kwao.

Kwenye kundi tulibishana sana juu ya hilo. Binamu yangu Shomari, ambaye anauza chupa za chai na masufuria mtaa wa pili kutoka kwangu, alisema huyo bibi si Mtaliano, ni Msisilia, Utaliano amevalishwa tu kama sare ya shule. Mimi nikamwambia na wewe Utanzania ulivalishwa shuleni, mbona umekukaa vizuri. Akanijibu kwa kicheko, halafu akaongeza neno ambalo ndilo lililoniponza: "Ila dada Zuhura, hayo majina yanatutoa kwenye stori. Torino, Sisilia, sijui Carmela. Weka Kiswahili tu twende."

Nikaona ana hoja. Kwa hiyo asubuhi ya siku yenyewe, sura iliyokuwa inafuata ikiwa ni ya kifo cha Bibi Carmela, nikaamua (uamuzi mdogo tu, nakunywa chai) kwamba Carmela atakuwa "Bibi", Sisilia itakuwa "kijijini", na Torino itakuwa "mjini". Watu wa kusini nikawaacha hivyo hivyo, watu wa kusini. Na kwa kuwa anayesimulia ni mjukuu, nikasoma kama mjukuu: "Bibi yetu ametutoka alfajiri ya leo, na kabla hajapoa, wanawe wanagombana. Mkubwa anasema arudishwe kijijini akazikwe kwao, mdogo anasema azikwe hapa hapa mjini walipo watoto." Pale kwenye kufa sauti ilinikatika na machozi yakanitoka kweli. Nikajisifu moyoni, nikatuma.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu Bibi yangu wa kweli, mama yake marehemu baba, maana bila yeye hamtaelewa. Bibi Salima ni Mmatumbi wa Kipatimu, Kilwa huko milimani, alikuja Kariakoo akiwa mke mpya na hajaondoka tena. Ana presha, ana utani, na ana watoto watatu waliobaki: Baba mkubwa Selemani aliyerudi kulima Kipatimu, Baba mdogo Hamisi na Shangazi Mwajuma walioko hapa mjini. Na kwenye ukoo wetu kuna jambo moja ambalo kila Idi linaharibu chakula, nalo ni kwamba Mungu akimchukua Bibi, azikwe wapi. Baba mkubwa anataka Kipatimu, Baba mdogo anataka Kisutu, makaburi ya hapa hapa mjini. Mwenyewe wakianza huwa anainuka anaenda kutazama maji jikoni.

Siku hiyo Bibi alikuwa na kliniki hospitali, Upanga, na dada yangu Tatu ndiye aliyempeleka. Mimi simu ilikuwa imeisha chaji kwa ajili ya kurekodi, nikaiacha chumbani inachajiwa, nikaenda Feri kumnunulia Bibi changu (samaki wa kwenye friji kwake si samaki). Kwa hiyo nyumba ikabaki tupu. Huku nyuma Shomari akaipokea ile voisi, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa masufuria, akaiunganisha simu na ile spika ya dukani inayotangaza bei kutwa nzima. Mnaijua Kariakoo, ile spika inasikika mpaka kwa wauza viatu. Na Shangazi Mwajuma alikuwa anapita kwa wauza viatu.

Shangazi hakusikia hadithi, alisikia sauti yangu mimi inalia kwamba Bibi ametutoka alfajiri. Hakungoja mwisho. Alipiga simu yangu, inaita tu. Akapiga ya Tatu, inaita tu (Tatu alikuwa ameizima mlio kwa daktari), na mtu uliyemwacha hospitali na mgonjwa asipopokea simu, wewe mwenyewe unamalizia. Akampigia Baba mdogo, Baba mdogo akampigia Baba mkubwa Kipatimu, na majirani wakafungua lango la uani.

Mimi nikarudi na mfuko wangu wa samaki nikakuta turubai, viti vya plastiki vimepangwa barabarani, wanawake wameketi mikekani na khanga kichwani. Jirani mmoja akanikumbatia, akaniambia, "Pole mwanangu, Bibi amepumzika." Hapo nataka mnielewe. Sikukumbuka kitabu, sikukumbuka voisi. Nilimkumbuka Bibi aliyetoka asubuhi kwenda kupimwa presha, nikajua imempanda huko huko. Nikaanguka, samaki wakamwagika mbele ya wazee waliokuwa wameketi, na nikalia kwa sauti ambayo majirani wanasema hawajawahi kuisikia kwa mtu mzima. Kama kuna aliyekuwa na wasiwasi juu ya habari ile, wasiwasi ukamwisha pale.

Nilipopewa maji nikatulia kidogo, nikasikia upande wa wanaume ugomvi umeshaanza. Simu ya Baba mdogo ilikuwa juu ya kiti, imewekwa sauti ya nje, na Baba mkubwa anafoka kutoka Kipatimu.

"Mama hazikwi ugenini, Hamisi. Mimi ndiye mkubwa."

"Ugenini wapi, kaka? Huku ndiko kwenye watoto wake."

"Mwanao mwenyewe Zuhura amesema kwenye sauti yake, Mwajuma amenisimulia. Amesema mkubwa anataka arudishwe kijijini na mdogo anang'ang'ania mjini. Hata maiti haijapoa mtoto ameshakujua wewe."

"Tena nashangaa, amejuaje na mimi nilikuwa sijasema kitu?"

Nikaacha kulia. Nilikaa vile vile na khanga usoni, lakini kilio kilikuwa kimekatika, kwa sababu maneno yale nilikuwa nimeyasoma mwenyewe asubuhi, ukurasa ulikuwa una doa la chai. Nikajua kimenuka. Nilipaswa kusimama papo hapo niseme, lakini nawaambia ukweli, nikiangalia sufuria la pilau na wale wazee na sanda iliyokwisha kununuliwa, nilibaki nimekaa, najipangia maneno, na aibu yangu kubwa ni huko kukaa.

Wakati bado najipanga, bajaji ikasimama nje, akashuka Tatu, akashuka na Bibi.

Jirani aliyenikumbatia akakimbilia chooni akajifungia. Bibi akaangalia turubai, akaangalia viti, akauliza taratibu, "Nani katutoka?" Akaanza kututafuta kwa macho, Hamisi yupo, Mwajuma yupo, mimi nipo, na alipomaliza uso ukambadilika, akaegemea bega la Tatu, akasema, "Ni Selemani?"

Kwenye kiti, simu ikasema, "Nani huyo anayeongea?"

"Selemani?"

"Mama? Mama, si umekufa wewe?"

"Sijapata habari hiyo," Bibi akasema, na Tatu akawahi kumdaka akamkalisha kwenye godoro lililokuwa limetandikwa kwa ajili ya wafiwa.

Nikasimama. Nikasema ni mimi, jamani, aliyekufa ni bibi wa Kitaliano. Baba mdogo akauliza, "Mtaliano gani? Tunafahamiana naye wapi?" Nikamwambia wa kwenye kitabu. Nikaeleza yote, kundi, voisi, majina niliyoyatoa, na kila nilipoeleza nilijiona mjinga zaidi. Shomari, ambaye aliambiwa tu kwamba kwetu kuna msiba akafunga duka akaja kuzika, alisimama nyuma ya nguzo ya turubai anaangalia viatu vyake. Shangazi Mwajuma alilia upya, safari hii kwa hasira, na kusema kweli alikuwa na haki, nilitamani anipige tumalize.

Bibi ndiye aliyetuliza watu. Alikunywa maji, akavuta pumzi, akaniambia, "Mke mwenzangu, hebu niwekee hiyo sauti nimsikie huyo mwenzangu." Nikaenda kuchukua simu chumbani, Shomari akaleta spika, na hakuna aliyeondoka (pilau lilikuwa limekaribia kuiva, tuseme ukweli). Kwa hiyo watu waliokuja kuzika wakakaa chini ya turubai wakasikiliza kifo cha Bibi Carmela mpaka mwisho, na Baba mkubwa naye akasikiliza kwenye simu. Ilipofika pale wana wanagombana, Baba mdogo aliinamisha kichwa.

"Na mwenyewe walikuwa wamemuuliza?" Bibi akasema.

"Hapana, Bibi. Hawakumuuliza."

"Alisema nini kabla ya kufa? Mtu haendi kimya hivyo."

Hapo ndipo aibu ya pili ilipoanza, na hii haina kicheko. Nilimwambia kwamba alisema maneno, lakini niliyaruka. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kwamba yameandikwa kwa lugha ya kisiwani kwao, kitabu hakikuyatafsiri, na mjukuu wake mwenyewe hakuyaelewa, amesema hivyo kwenye kitabu, kwamba alimshika bibi yake mkono akawa anamwitikia tu, ndiyo Bibi, ndiyo Bibi.

Bibi akasema sentensi moja, si ndefu, kwa Kimatumbi, huku anatuangalia mmoja mmoja. Baba mdogo Hamisi, aliyezaliwa hapa hapa Kariakoo, akamtazama Shangazi. Shangazi akatabasamu kama mtu anayepigwa picha. Na mimi, mbele ya watu wote wale, kabla sijajizuia, nikasikia mdomo wangu unasema, "Ndiyo, Bibi."

Nilipojisikia nilivyosema, moyo uliniuma kuliko nilipoambiwa amekufa. Aliyemjibu ni Baba mkubwa kutoka kwenye ile simu, kwa Kimatumbi, taratibu kabisa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefuta machozi. Bibi akatikisa kichwa kwamba sawa, akasema tule.

Turubai likafunguliwa jioni ile ile. Tangu hapo suala la Kipatimu na Kisutu halijarudi tena mezani, hata Idi tulikula vizuri, kwa sababu kila Baba mdogo akipiga simu kuuliza Mama alisema nini siku ile, Baba mkubwa anamjibu, "Amekwisha sema, na nyote mlikuwepo." Bibi naye ukimuuliza anaenda kutazama maji jikoni.

Sura ile niliirekodi upya, na kila voisi sasa naianza kwa kutangaza kwamba hii ni hadithi, aliyekufa ni Mtaliano, Bibi yangu ni mzima (wauza viatu wamelikariri tangazo hilo, wananisalimia nalo). Nimerudisha Sisilia, nimerudisha Torino, nimemrudishia Bibi Carmela jina lake, na yale maneno yake ya mwisho nimeyasoma kama yalivyoandikwa, kwa kujikwaa, bila kuyaelewa. Nimeapa sitamnyang'anya tena mtu kwao ili hadithi iende haraka. Na jioni nikifunga duka nakaa na Bibi ananifundisha Kimatumbi. Nimefika kwenye salamu na vyombo vya jikoni. Ile sentensi bado iko mbali, na nikijaribu kumharakisha tuifikie, ananigonga goti, ananiambia taratibu, Zuhura, safari hii usiruke.